Kesho wa Mihuri na Kompyuta ya Marehemu

Ukifika mtaani kwetu ukauliza lilipo duka la mihuri la ukoo wetu, watu watatazamana na kutikisa vichwa. Ukiuliza kwa Kesho, muuza magazeti ataweka chini mzigo wake akuelekeze kwa mikono miwili: pita kwa kinyozi, pita duka la viatu, kisha utaona mlango wa bluu ambao kitasa chake kinataka kuinuliwa kidogo ndipo kikubali. Juu ya mlango huo kuna bango lenye jina la ukoo, herufi nzito alizochonga marehemu mume wangu kwa mkono wake, na kila mwaka mimi husimamia lipakwe rangi upya. Haisaidii. Watu hupita chini ya jina lile, huinua kitasa na kusema, "Kesho yupo?"

Kesho ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Naandika habari zake kwa sababu huko nje zimesimuliwa vibaya. Wapo wanaosema alituvua nguo mbele ya chuo kizima. Wapo wanaosema hakuna kilichotokea, ni umbea mtupu. Mimi nilikuwepo, nimevaa gauni langu la kijivu na viatu vya kufunga, na sipendi habari za ukoo wetu zisimuliwe na watu ambao hawakuwepo.

Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwa wino na shati linalonuka mpira ulioungua, maana mashine ya kuchonga mihuri huchoma mpira kwa mwanga mkali mpaka herufi zibaki zimesimama. Kazi yake anaijua. Mpe jina refu la ofisi na duara dogo, atalizungusha jina ndani ya duara bila herufi hata moja kubanwa. Tatizo lake ni moja tu: hawezi kuamua. Miwani anayovaa ni ya kike. Alipokwenda kuchukua miwani, alijaribu kila fremu iliyokuwa ukutani, akasema atarudi, akarudi, akasema atatafakari, mpaka mkewe akachomoa ile iliyokuwa karibu na mkono wake na kumwambia twende. Na huyo mke, ambaye kwangu ni mdogo wangu na mimi kwake ni dada, hukueleza bila haya kwamba yeye ndiye aliyemposa mumewe. "Ningemngoja, dada," huniambia, "mpaka leo ningekuwa naosha vyombo kwa mama."

Jina la Kesho lilitoka kwenye kompyuta. Marehemu ndiye aliyeinunua, pamoja na mashine ya kuchonga, akavifunga pamoja kwa nyaya na kumfundisha mdogo wake. Kompyuta yoyote ina mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamsha nyingine zote asubuhi na kuzilaza jioni. Ule wa dukani ulizeeka. Ukatoka mpya, na tangu hapo kila asubuhi kioo kilijaa tangazo: mfumo mpya uko tayari, je, tusasishe? Chini yake vitufe viwili: *Sasisha sasa* na *Nikumbushe kesho*. Shemeji alibonyeza cha pili. Siku iliyofuata akabonyeza cha pili. Wateja waliokuwa wakingoja mihuri yao kwenye benchi waliona, wakaanza kumsaidia kusoma kwa sauti, kama darasa: "Nikumbushe keshooo." Jina likamganda.

Kuna jambo jingine inabidi mlijue kabla sijaendelea. Herufi za muhuri huchongwa zikiwa zimegeuzwa, kama unavyoziona kwenye kioo cha kujitazamia, ili zikigusa karatasi zitoke sawa. Shemeji amezisoma hivyo tangu ujana wake. Siku moja nilimkuta kwa kinyozi amekaa kitini, kichwa nusu kimenyolewa, ametulia kabisa akisoma gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa mikononi mwa mtu aliyekaa nyuma yake. Shemeji alikuwa akilisoma ndani ya kioo, na alimwomba yule bwana asifungue ukurasa mwingine kwanza. Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Na mkewe anayo kadi ya siku yake ya kuzaliwa ambayo huisoma bafuni, mbele ya kioo, kwa sababu mumewe aliiandika yote nyuma-mbele na hakujua.

Basi. Mteja wetu mkubwa ni chuo kilichoko mwisho wa barabara ya lami. Idara zote, bweni, maktaba, mitihani, hata jiko, mihuri yao hutoka kwetu. Bila chuo, duka lile ni chumba chenye bango. Na mlango wa chuo, kwa mihuri, ni mwanamke mmoja: katibu muhtasi, mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu zaidi.

Siku hiyo alikuja mwenyewe dukani. Mimi nilikuwepo, kwa maana mimi ndiye ninayesoma chapa ya majaribio ya kila muhuri kabla haujatoka. Nimesoma, na kosa la tahajia likitoka chini ya jina la ukoo wetu ni kama nimetoka nje bila gauni.

"Kesho," alisema, akisimama mlangoni kama anayeogopa kuambukizwa, "ile flashi yako."

"Ile nyekundu?"

"Ile. Tangu niichomeke kwenye kompyuta yangu, mafaili yangu yote yamegeuka vijimshale. Ninafungua orodha ya wanafunzi, inafunguka picha ya sungura."

"Sungura?" Shemeji alionekana kuvutiwa kidogo. "Mkubwa au mdogo?"

"Ina virusi, bwana. Flashi yako ina homa. Na fundi wetu amesema kompyuta yenye mfumo wa zamani kama huo wako ni zizi la virusi. Kwa hiyo sikilizeni wote wawili. Kuanzia muhula ujao, hakuna flashi kuingia katika jengo letu. Maombi ya kazi yatatoka kwenye tovuti ya chuo, na michoro itarudi kwa tovuti ya chuo. Asiyeweza kuifungua tovuti, awaachie wanaoweza."

Shemeji alijaribu kuifungua pale pale, mbele yake. Kompyuta ilifikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba ukurasa huu unahitaji mfumo mpya zaidi. Katibu muhtasi alinitazama mimi, si yeye. "Mama," aliniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "nyie ni watu wa heshima. Lakini heshima haifungui tovuti."

Baada ya siku chache nilikuwa kwenye foleni ya posta, nikasikia nyuma yangu: "Ndio wale. Wale wenye flashi yenye homa." Sikugeuka. Nilinyoosha shingo tu, nikanunua stempu ambazo sikuzihitaji.

Tuliketi watatu mezani kwa shemeji, yeye, mkewe na mimi, chai ikipoa.

"Tusasishe," nilisema. "Hakuna la kujadili."

"Na mashine?" shemeji aliuliza. "Programu ya mashine ni ya umri mmoja na kompyuta. Nikibadilisha mfumo na mashine ikikataa, nitachonga kwa nini? Kwa meno?"

"Meno yenyewe ungechukua mwaka kuchagua lipi," mkewe alisema.

"Mimi sisemi hapana. Nasema tutafakari."

"Umetafakari tangu mtoto wetu wa mwisho anatambaa, mume wangu. Sasa anaazima viatu vyako."

"Shemeji," nilimwambia, "jina la ukoo linatajwa posta pamoja na neno homa."

Akazungusha kikombe. Akainuka, akasema kesho asubuhi nije dukani mapema, kabla hajafungua, anionyeshe kitu. Nilidhani ni njia nyingine ya kusogeza mbele. Hata hivyo nilikwenda.

Aliiwasha kompyuta mbele yangu. Kawaida nikifika huwa imeshawaka na ina kazi, kwa hiyo sikuwahi kuona inavyoamka. Kioo kilikuwa cheusi, kikawa cha samawati, kisha katikati yakatokea maneno: *Karibu, Mkubwa.*

Mkubwa ndivyo tulivyomwita marehemu nyumbani. Aliandika jina hilo mwenyewe siku ya kwanza, na hakuna aliyelibadilisha.

"Kila asubuhi inamkaribisha," shemeji alisema. Hakunitazama. "Nami hukaa nyuma yake kidogo, kama alipokuwa akinifundisha. Kisha ndio naanza kazi."

Nilirekebisha kola yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mtu anaweza kuishi na watu miaka na asijue wanaogopa nini.

"Tumwite Daktari," nilisema. "Tumuulize kwanza."

Daktari ni fundi wa kompyuta anayetembea na kibegi cheusi na kusema maneno ya hospitali. Ni mnene, mchangamfu, na hajawahi kuniona bila kuniuliza presha yangu. Alikaa mbele ya kompyuta, akaipapasa ubavuni.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Mkubwa," shemeji alijibu.

"Anakohoa. Moyo unapiga. Virusi vimo, vya kutosha familia nzima." Alichomeka waya, akaongea na kioo, akakisikiliza. "Nikisafisha tu bila kubadilisha mfumo, atarudi kitandani baada ya wiki. Kubadilisha anaweza, nguvu anazo. Swali ni hii mashine yenu. Programu yake ya zamani haitaingia kwenye mfumo mpya. Ipo ya kisasa. Wengine wenye mashine kama hii wanasema inaiendesha vizuri. Wengine wanasema haiendeshi."

"Wangapi wanasema inaendesha?" shemeji aliuliza.

"Wengi."

"Na wangapi wanasema haiendeshi?"

"Wengi pia."

Shemeji alifumba macho.

"Na jina?" niliuliza mimi. "Lile la kukaribisha. Litafutika?"

"Jina halina tatizo, mama. Jina linakaa lilipo, ni nyumba tu inayojengwa upya. Na kingine," Daktari aliendelea huku akifunga kibegi, "mkiweka mfumo mpya na msiupende, mna siku kumi za kurudi kwenye wa zamani. Kuna kitufe. Unabonyeza, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa."

Shemeji alifumbua macho. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia habari nzuri kama hiyo. Uamuzi unaoweza kurudishwa! Alimshika Daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, kama kweli kinarudi chote. Kisha akakaa kitini, akavua miwani yake ya kike, akaifuta, akaivaa, na mbele yetu wote akabonyeza *Sasisha sasa*. Mkewe, aliyekuwa ameleta chakula, alikaa chini kwenye benchi la wateja bila kutafuta mahali pa kuweka sufuria.

Kompyuta ilijizima na kujiwasha kama mtu anayepepesa. Ilituambia tusiizime. Hakuna aliyethubutu hata kuiegemea meza. Mwishowe kioo kikawa cha rangi nyingine kabisa, herufi zikawa nyembamba za kisasa, na zikaandika: *Karibu, Mkubwa.*

"Bado yupo," alisema shemeji, akapiga chafya, akasema ni vumbi.

Daktari akaweka programu mpya ya mashine. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, tukatazamana, ikanguruma tena, pakaanza kunuka mpira. Ilikuwa inachonga. Tovuti ya chuo nayo ikafunguka bila kinyongo, na ndani yake lilikuwepo ombi la kwanza la muhula: muhuri wa duara wa Idara ya Mitihani. Daktari alifunga tena kibegi chake, akisema mambo mengi kwa haraka kuhusu vitufe vipya, huku simu yake ikiita mgonjwa mwingine. Shemeji alikuwa akiitikia "ndiyo, ndiyo" na macho yake yako kwenye mashine.

Moja ya yale mambo mengi lilikuwa hili. Programu ya zamani ilichonga kile ilichoonyeshwa, kwa hiyo shemeji ilimbidi ageuze mchoro mwenyewe kabla ya kuchonga. Hiyo mpya, ukiiambia kwamba kazi ni muhuri, huugeuza mchoro yenyewe. Mkono wa shemeji haukusikia habari hizo. Mkono ukageuza, kama ulivyozoea. Programu ikageuza tena. Na kitu kilichogeuzwa mara mbili kinarudi kilivyokuwa.

Mimi nilikuwa nyumbani navaa. Nilikuwa nimeamua kwamba muhuri huo hautapelekwa kama mkate. Tungeupeleka pamoja, kwa heshima, ili katibu muhtasi aone watu anaosema wana homa. Nilipofika dukani shemeji alikuwa ameshaufunga kwenye kiboksi, amevaa koti.

"Umejaribu kwenye karatasi?" nilimuuliza.

"Nimejaribu."

"Imetoka vizuri?"

"Inasomeka vizuri kabisa."

Na kwa macho yake ilisomeka vizuri kabisa.

Ofisi ya katibu muhtasi ina meza nne na dirisha moja kubwa. Walikuwepo wote: yeye, makarani wawili, na tarishi aliyekuwa akinywa maji. Nilisalimia, nikaulizwa hali, nikajibu kwa ukamilifu. Kisha nikasema maneno machache niliyoyaandaa njiani: kwamba duka letu limeingia katika mfumo mpya, kwamba liko safi kuliko zahanati, na kwamba kazi ya kwanza ya mfumo huo tumeileta sisi wenyewe, kama wenye kazi yetu. Sikutaja posta. Nilimtazama tu katibu muhtasi kwa namna ambayo mtu aliyewahi kufika posta angeelewa.

"Karibuni sana," alisema. Alifungua kiboksi, akaukandamiza muhuri kwenye pedi ya wino, akavuta karatasi nyeupe, akaupiga katikati. Akauinua. Akainamisha kichwa kushoto. Akakiinamisha kulia.

"Kesho," alisema taratibu, "hii ni lugha ya wapi?"

Shemeji aliinama juu ya karatasi. "Idara ya Mitihani," alisoma. "Na chini, jina la chuo. Kuna tatizo gani?"

"Unaisoma?"

"Naisoma."

"Unaisoma hii?"

"Mbona ni herufi kubwa."

Karani mmoja alisogea, akatazama, akaweka kiganja mdomoni. Tarishi aliweka chini bilauri yake, akaichukua karatasi, akaipeleka dirishani na kuigeuza nyuma, mwanga ukaipenya. "Ah," alisema, "ipo. Imeandikwa kwa ajili ya watu waliokaa ndani ya karatasi."

Hapo wakalipuka. Karani wa pili alilaza kichwa mezani. Katibu muhtasi alicheka mpaka kucha zake ndefu zikawa zinafuta machozi kwa tahadhari. Mimi nilisimama wima katika gauni langu la kijivu, nikahesabu vigae vya sakafuni, nikatamani kimoja kifunguke kinipokee.

Shemeji hakucheka. Alivua miwani. Alitazama mpira wa muhuri, akatazama karatasi, akarudi kwenye mpira. Kisha akanisogelea sikioni.

"Shemeji," alinong'ona, "zote mbili nazisoma. Hebu niambie, ipi ndiyo sawa?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na wasomi na wasio wasomi. Hakuna lililowahi kunibana mbavu kama hilo. Nilijitahidi. Nilimkumbuka marehemu, nikakumbuka bango, nikakumbuka posta. Kikatoka hata hivyo, kicheko kikubwa kisicho na adabu, na kikawashangaza wote wakanyamaza.

"Mpira ndio unasomeka sawa," nilimwambia nilipopata pumzi. "Na haupaswi."

"Aa," alisema, na nikaona yale maneno ya haraka ya Daktari yakimfikia sasa hivi, yakiwa yamechelewa njiani. "Inageuza yenyewe. Alisema inageuza yenyewe."

Katibu muhtasi alipangusa meza yake bila sababu. "Haya, Kesho. Nimefurahi, na wiki hii sikuwa na kitu cha kufurahia. Lakini mitihani inaanza, na bila muhuri karatasi haziendi popote. Wa kweli nitaupata lini? Kama huwezi, niambie sasa nimpigie mwingine."

Ofisi nzima ilimtazama. Wote tulijua neno litakalotoka. Tarishi alikuwa ameshaanza kulitamka bila sauti. Shemeji alifungua mdomo, nami nikamkanyaga mguu kwa kisigino cha kiatu cha kufunga.

"Leo," alisema.

"Leo?"

"Kabla hamjafunga." Alionekana kushangaa kuliko yeyote.

Tulitembea kurudi. Ilikuwa inanipasa nimgombeze, na maneno nilikuwa nayo, lakini kila nikifungua mdomo nilimwona yule tarishi dirishani na ikabidi nikohoe. Dukani mkewe alikuwa akifagia. Tulipomweleza, alisimamisha ufagio.

"Yaani kazi yako mpya ni kuacha kufanya kitu."

"Ndio."

"Na huwezi."

Hakuweza kweli. Alikaa mbele ya kioo, akaufungua mchoro, akasema kwa sauti "sigeuzi, sigeuzi," na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kugeuza. Akaufuta, akaanza tena. Mkono ukaenda. Aliandika karatasi ya kujikumbusha akaibandika pembeni ya kioo, nasi tulipoisoma tukakuta neno USIGEUZE limeandikwa nyuma-mbele.

"Ondoka hapo," mkewe alisema. Akavuta kiti, akakaa karibu naye, akashika kipanya kwa mkono wake. Shemeji alielekeza kwa kidole, yeye akabonyeza, na kila kidole kilipoelekea kwenye kitufe cha kugeuza alikipiga kofi jepesi kama anayefukuza nzi. Mashine ikanguruma. Muhuri ulipotoka niliupiga mimi mwenyewe kwenye karatasi, nikausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha nikampa mkewe akausoma. Shemeji alitaka naye ausome. Tulimwambia asijisumbue.

Tuliupeleka wakati mlinzi wa chuo anafunga lango la magari. Katibu muhtasi aliupiga, akautazama, akalisifu duara lake, akauweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Ule wa kwanza hakuturudishia. Alisema anautunza kwa siku ambazo kazi imemchosha. Nilipinga, kwa jina la ukoo. Alinijibu, "Mama, acha. Tangu leo yule wa flashi amesahaulika." Na ni kweli. Nilipokwenda posta tena nilisikia nyuma yangu kicheko na neno *karatasi*, na homa haikutajwa na yeyote. Bado sijaamua kama huko ni kupanda au kushuka.

Ikabaki siku kumi za kurudi. Kitufe kilikuwepo, kule ndani kwenye mipangilio, na shemeji alijua njia ya kukifikia kama mtu anavyojua njia ya jikoni gizani. Kila asubuhi, baada ya *Karibu, Mkubwa*, alikwenda kukitazama.

"Tovuti inafunguka," nilimwambia. "Mashine inachonga. Virusi vimetoka. Unataka kurudi kufuata nini?"

"Mkono wangu ulikuwa na kazi, shemeji. Sasa unafukuzwa kama nzi."

"Basi rudi."

"Na chuo?"

"Basi baki."

"Natafakari."

Mkewe alikuwa amezoea kukaa kwenye kiti cha kipanya, na nikaona ameleta mto mdogo wa kukalia, kitu ambacho mwanamke hakileti mahali anapopita tu. Kazi zilikuja. Bweni waliomba muhuri, maktaba wakaomba miwili, jiko wakaomba wenye picha ya kikombe. Mimi nilisoma kila chapa, na kila chapa ilisomeka kwa watu wote.

Asubuhi moja nilipofika nilimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono mapajani, uso wa mtu aliyefika kituoni na kukuta mabenchi matupu.

"Shemeji," alisema, "kile kitufe kimekwenda wapi?"

Niliinama nikatazama. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja wa maelezo, nikamsomea. "Muda wa kurudi umekwisha. Ilikuwa jana."

"Jana nilikuwa bado natafakari."

"Ndivyo inavyokuwa."

Nje mtu aliinua kitasa, mlango ukakubali, na sauti ikauliza kama Kesho yupo. Mkewe akajibu yupo, akaupiga mto wake vumbi, akakaa. Shemeji alisogeza kiti chake kidogo ampe nafasi, lakini macho hayakutoka pale ambapo kitufe kilikuwa.

"Ile ya zamani ilikuwa inanikumbusha kila siku," alilalamika. "Hii mbona haikunikumbusha?"